Kijiji Chenye Handaki

Baba alipofariki, ubao wake wa mchezo ulikuwa Ruiru. Desturi ilikuwa hivyo: Thika na Ruiru walicheza kila Pasaka, na mji ulioshinda ulikaa na ubao mpaka Pasaka nyingine. Ruiru walikuwa wameshinda. Tukamzika baba, na ubao wake ukabaki umening'inia katika hoteli ya Ruqayya kule mtaani Gitothua, kati ya kalenda na bei za chapati.

Pasaka iliyofuata, mwaka wa tisini na sita, nilitoka Thika pamoja na Jared, aliyefanya kazi na baba kiwandani. Tulikwenda kuurudisha nyumbani.

Mchezo wenyewe baba aliuchora kwa mkono wake: vita vya msituni vya Mau Mau, miaka ya hamsini. Mmoja huchezea msitu, mwingine serikali. Vizibo vya kijani ni wapiganaji, vyekundu ni askari na homugadi, wale wenyeji waliolinda vijiji kwa niaba ya serikali. Kifungo kikubwa cheupe ni akina mama wa kijijini, na husogezwa na mwenye msitu. Kikosi cha msitu kisichokula kinaondolewa. Raundi ya mwisho ikiisha na hata kikosi kimoja kiko hai, msitu umeshinda.

Mimi nilichezea msitu. Serikali ilikuwa ya Urbanus, rafiki ya baba tangu ujana wao.

Tulifika raundi ya mwisho nikiwa na vikosi viwili tu, kikubwa ukingoni mwa msitu na kidogo ndani ya shamba la kahawa. Kijiji kilikuwa katikati yao, na Urbanus alikuwa amekizungushia uzi mweusi, yaani handaki. Nikaweka punje ya maharagwe juu ya kila kizibo changu.

"Wamekula," nikasema.

Urbanus akazipangusa punje kwa kidole. "Wamekula nini? Hiki kijiji nimekichimbia handaki."

"Sheria inasema kikosi kikiwa karibu na kijiji, kinakula."

"Na sheria inasema handaki linafunga kijiji. Ama unataka akina mama waruke na sufuria kichwani?"

Hoteli nzima ikacheka. Jared akasimama. "Mzee, huyu baba yake ndiye alitunga huu mchezo!"

"Basi nendeni mkamwulize!"

Kicheko kikakatika. Urbanus mwenyewe akainamisha kichwa. "Pole, mama," akaniambia. "Imenitoka tu."

Ruqayya akatoka jikoni akijifuta mikono. "Nyinyi mnasumbuana bure. Baba yako Kimeu aliamua nini hapa, siku gani? Alikuwa anasema tu, badilishaneni viti."

Ilikuwa kweli. Wakibishana watu, baba alimkalisha kila mmoja kwenye kiti cha mwenzake, aseme sheria ambayo angeikubali akiwa upande ule. Mchezo haukuendelea mpaka wote wawili waseme kitu kimoja.

Tukabadilishana. Nilipokaa kwenye kiti cha serikali niliuona ule uzi kwa macho mengine. Kama kijiji kinalisha tu hata kikifungwa, Urbanus alichimba raundi zote zile kwa nini? Sikufurahi kuliona hilo, lakini nililiona.

Urbanus, kwenye kiti changu, aliviinamia vikosi vyangu viwili.

"Huku njaa inauma," akasema. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mama yangu alichimbishwa handaki kama hili. Lakini walikuwa wanatolewa kwenda kutafuta kuni. Wanahesabiwa wakitoka, wanahesabiwa wakirudi. Chakula kilichofichwa nguoni hakuna aliyekihesabu."

"Kwa hivyo?" Ruqayya akamwuliza.

"Kijiji chenye handaki hakilishi jirani. Ila akina mama wakitoka kwenda kuni, kikosi watakachokikuta huko kinakula."

"Kimoja tu," nikasema. "Na kama homugadi anaweza kufika hapo kwa zamu yake, hakuna kula."

"Hiyo ni sawa."

"Ni sawa."

Jared akashika kichwa. "Ngina! Umejinyonga mwenyewe, yawa!"

Tukarudi vitini petu. Vizibo vyekundu vilikuwa vimejazana kuzunguka kikosi changu kikubwa, na macho ya hoteli yote yalikuwa hapo. Nikakitoa kile kifungo cheupe kwa upande wa pili wa kijiji, nikakiingiza kwenye kahawa, juu ya kikosi kidogo. Nikaweka punje moja. Kisha nikakiondoa kikosi kikubwa kwa mkono wangu mwenyewe, maana hakikula.

Urbanus akatafuta askari wa kumtuma kahawani. Askari husogea chumba kimoja kwa zamu. Alimgusa huyu, akamgusa yule, akarudia tena. Wote walikuwa mbali.

"Kwenye kahawa," akasema polepole. "Mimi niliyezeeka nikichuma kahawa!"

Akaanza kucheka, akanishika mkono juu ya ubao, na hoteli ikalipuka. Wateja wa Ruqayya, watu wa Ruiru kabisa, walipiga meza kwa vikombe. Jared alikuwa ameshatoka nje, akitangaza kutoka duka moja hadi jingine: "Msitu umekula! Thika tumeshinda!"

Urbanus akashika upande mmoja wa ubao, mimi mwingine, tukaubeba mpaka barabarani katikati ya kelele zile.

"Pasaka ijayo nachezea msitu," akaniambia. "Umesikia?"

"Karibu Thika, mzee," nikamwambia. "Kuni tutakuwekea."