Kayaki ya Mama Mkwe

Kochi lisilokaliwa hupaa. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya Fundi, na ukijaribu kumbishia utapoteza muda wako na wake. Zamani, bado anajifunza kutengeneza makochi, aliliona kwa macho yake mwenyewe kochi la watu watatu likinyanyuka kutoka kwenye pikapu, likatua kwa miguu yake minne mbele ya kituo cha basi. Dereva alipofanikiwa kurudi nyuma, abiria watatu walishakaa, na mmoja alikataa katakata kuinuka. Tangu siku hiyo Fundi akaapa kwamba mzigo hautoki karakanani kwake bila mtu juu yake. Kamba ni kamba, alisema, lakini mtu ni mtu.

Na mtu mwenyewe alikuwa mke wake. Jamani! Mwanamke wa watu, mshonaji hodari wa vitambaa vya makochi, alizungushwa mji mzima nyuma ya pikapu kama malkia asiye na nchi. Alipelekwa na vitanda, akapelekwa na meza, na siku moja alipelekwa na kabati, yeye ameketi ndani, milango wazi, anapungia watu mkono kwa sababu afanye nini tena?

Siku aliyochoka ilikuwa ya jua kali na vumbi. Walifikisha kochi kwa mteja, mteja akalizunguka, akalipapasa, kisha akamwonyesha yule mama kwa kidole na kuuliza kwa utani, "Na huyu anakuja pamoja na kochi?"

Fundi akacheka, tena kicheko cha kujiachia. "Huyo? Huyo ni uzito tu."

Mkewe alishuka, akajipangusa vumbi, akaenda kwa miguu mpaka kwa mama yake, na huko ndiko alikobaki. Fundi akawa anakula wali ulioungua chini na juu haujaiva. Alituma salamu, hazikujibiwa. Alimtuma shangazi yake akambembelezee, shangazi akarudi amenuna, na aliyenuniwa ni yeye Fundi. Alimpenda mke wake, hilo halina ubishi. Nyumba ilikuwa imemshinda, usingizi umemshinda, na hakuwa na ujanja wowote wa kumrudisha.

Ndipo mama mkwe alipomwita.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Alipoaga kazi, wenzake walimzawadia kiti cha kupumzikia. Alikiuza, akaongezea chake, akanunua kayaki ya plastiki ya rangi ya chungwa, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, mrefu kama umbea. "Nimevuta watoto wa watu maisha yangu yote," alimwambia kila aliyeshangaa. "Mikono imezoea kuvuta. Sasa nikae nivute nini, pumzi?" Kila mwisho wa wiki alikwenda ziwani kupiga kasia na wastaafu wenzake, ila gari lililokuwa likimbebea kayaki lilikuwa limekufa injini.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi, amesimama uani, mikono nyuma, macho chini.

"Marahaba, baba. Unaiona hii?"

"Naiona, mama."

"Nipelekee ziwani. Mimi na mwenzio tunatangulia na basi. Ikifika bila mkwaruzo na bila mtu kuikalia njiani, mwenzio atakusikiliza. Ikifika imekaliwa, hata na kuku, usitie mguu hapa tena."

Pazia la dirishani likatikisika. Fundi akajua mkewe yuko nyuma ya pazia hilo, anasikiliza.

"Mama, lakini bila mtu si itapaa?"

Mama mkwe akamtazama kwa jicho alilozoea kuwatazamia wanaume wanaozimia mlangoni mwa chumba cha kujifungulia. "Ifunge," akasema.

Basi Fundi akafunga. Kwanza aliivisha kayaki sponji na blanketi kama anavyovisha kochi la harusi, isije ikakwaruzika. Kwa kuwa ilikuwa ndefu kupita bodi la pikapu, aliilaza pua juu ya paa la gari, mkia ukaning'inia nyuma. Akafunga pua kwenye bampa ya mbele, akafunga mkia kwenye ndoano ya nyuma, akafunga kiuno kwenye bodi kulia na kushoto. Angeishia hapo, mambo yangekuwa safi. Lakini roho haikutulia. Akapitisha kamba juu ya paa, akaiingiza dirisha la kulia, akaitoa dirisha la kushoto, akairudisha juu, akazunguka, akazunguka tena, akakaza kwa goti mpaka bati likaguna. Akaitikisa kayaki, gari zima likatikisika pamoja nayo. Akatabasamu. Akashika kitasa cha mlango.

Mlango haukufunguka. Akaenda wa upande wa pili, nao vilevile. Mwanamume alikuwa amejifungia gari lake mwenyewe, yeye akiwa nje.

Kufungua kamba? Thubutu! Mtu aliyefunga vile hafungui. Aliingia kwa dirisha, kichwa kikatangulia, miguu ikabaki nje inakanyaga hewa mpaka mwili wote ulipokubali kufuata.

Njia nzima aliendesha mwendo wa maiti. Baiskeli zilimpita. Bibi mwenye mkongojo alimpita, akageuka kumpa pole. Yote hayo aliyavumilia, ila alipofika darajani upepo ukaingia kwenye kamba, na kamba zikaanza kuimba. Ziliimba kwa sauti nene, zikipanda na kushuka, na kila zilipopanda Fundi alihisi matairi yanaiaga lami. Akakanyaga breki, jasho linamtiririka.

Pembeni ya daraja alikaa mbeba mizigo mmoja, pande la mtu, anajipumzisha. "Bosi," akasema, "mzigo wako unapiga kelele. Nikukalie hapo juu mpaka ziwani? Naelekea hukohuko."

Ah, moyo wa Fundi! Mtu mzito kiasi kile, tena wa bure! Ulimi ukateleza: "Panda." Kisha akamkumbuka yule kuku wa mama mkwe. "Hapana! Shuka!"

"Sijapanda, bosi."

"Basi shuka hapohapo ulipo!" alifoka Fundi, akaondoa gari huku machozi yakimlengalenga.

Mbele kidogo, askari wa barabarani akamsimamisha kwa mkono. "Zima gari. Shuka."

"Siwezi, afande. Nimefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Kwa kosa gani?"

Fundi akafikiri. "Nilimtania mke wangu mbele ya mteja."

Uso wa askari ulionyesha kwamba naye nyumbani ana mtu. Akazunguka gari, akazivuta kamba moja moja, akatikisa kichwa. "Kufunga umefunga, hilo nakupa. Ila mzigo umezidi nyuma na hauna kitambaa chekundu. Bila kitambaa huendi popote."

Kitu pekee chekundu kilikuwa shati la Fundi, shati jipya alilolivaa ili mkewe amwone nadhifu. Alilivua, akalitoa dirishani, na askari akalifunga mwenyewe mkiani kwa mikono miwili.

Alipoingia ufukweni mwa ziwa, wastaafu walimpigia makofi. Fundi akataka kuinua mkono, ndipo akajiona. Kifua wazi! Mbele ya mama mkwe! Akateleza chini ya usukani mpaka yakabaki macho tu.

"Shuka, baba, tuone mzigo," aliita mama mkwe.

"Siwezi, mama. Sina shati. Na mlango haufunguki."

Mama mkwe akasogea, akachungulia, akaelewa hali ilivyo. Maishani mwake alishaona mabaya kuliko hayo. Akakunja mikono ya gauni. "Leta kichwa," akaamuru. "Vizuri. Sasa bega moja. Moja, nimesema, usiwe na haraka! Pumua. Haya, sukuma!" Akamshika chini ya makwapa, akavuta, na Fundi akatoka mzimamzima, akaangukia mchangani anahema. Mama mkwe akamtupia kitenge ajifunike, kisha ndipo akageuza uso kwa heshima.

Mkewe alikuwa pembeni, mikono kifuani. Alikuwa hajacheka. Alifunua blanketi katikati ya kamba, akafunua sponji, akapitisha kiganja kwenye kayaki toka puani mpaka mkiani. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Nani aliikalia?"

"Hakuna. Haki ya Mungu."

"Na haikupaa."

"Wala!" Fundi alisema kwa furaha, akaipiga kofi la ushindi. "Kumbe ukikifunga kitu vizuri, wala hakihitaji mtu!"

Neno likishatoka halirudi. Fundi alilisikia likimfikia mkewe, na akaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Furaha yote ikamwisha palepale.

"Miaka yote ile," mkewe akasema polepole. "Jua lote lile. Kumbe ilikuwa kamba tu."

"Ilikuwa kamba tu," Fundi akakiri. Aliona haya kuliko alivyoonea haya kifua chake. "Nilishindwa kufunga, nikakukalisha wewe. Nisamehe, mke wangu."

"Na mbele kuna kiti, pembeni ya dereva. Kila siku nilikuwa nakitazama kupitia kile kioo cha nyuma. Nani alikuwa amekaa pale?"

Fundi hakuhitaji kuchungulia. Kilichokaa pale kilikuwepo hata sasa, kimekunjwa vizuri, kimefunikwa shuka safi, kimefungwa mkanda.

"Sponji," akasema.

"Kwa nini ilikaa mbele?"

"Isipate vumbi."

"Ee Mungu wangu," alisema mama mkwe, akawaambia wenzake walioanza kucheka wanyamaze.

Mkewe akautazama ule mlango uliozungushiwa kamba. "Fungua," akasema.

Fundi akaanza kufungua. Mafundo yalikuwa yamekaza, mengine alitumia meno. Wastaafu wakaishusha kayaki, mama mkwe akaingia maji, akapiga kasia bila kugeuka nyuma. Mawingu yakajikusanya juu ya ziwa. Mkewe alisimama palepale, hakusaidia na hakuondoka, mpaka fundo la mwisho likaachia na mlango ukafunguka kwa mlio.

Akafungua mkanda, akaibeba sponji, akaenda kuitupa nyuma kwenye bodi tupu. Akarudi, akakaa, akajifunga mkanda. Fundi akazunguka, akaingia kwa mlango kama binadamu.

Mvua ikaanza. Matone makubwa, mazito. Fundi aliyasikia yakiangukia sponji, tena sponji nzuri ya kochi la watu, na ulimi ukamwinuka wenyewe mdomoni. Mkewe alikuwa amemgeukia, anamtazama usoni, anasubiri aseme.

Fundi akameza mate, akawasha gari.