Uzi wa Kioo kwenye Njia ya Baba Mkwe

Kwao Kisondela, mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani wala hawasemeshani. Akimwona mzee anakuja, anaingia migombani, anageuka, anasubiri apite. Vaileth alikuwa ameishi hivyo tangu aolewe, na magauni yake yote yalikuwa na madoa ya utomvu.

Ukaja mradi wa kupima mlima Rungwe. Fundi wa mradi, Fred, alizika uzi wa kioo mwembamba kama unywele kwenye njia yote ya shambani, akaacha mashine ndani kwa Vaileth aiangalie. Alimweleza kwamba mwanga unagawanywa nusu kwa nusu: huu unapita uzi wa ardhini, ule unapita uzi uliotulia ndani ya boksi, halafu wanakutanishwa. Ardhi ikivuta uzi hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, mianga inafika imepishana, na peni ya mashine inaruka kwenye karatasi.

Mradi ulitaka kujua kama mlima unavimba. Vaileth alitaka kujua baba mkwe wake, mzee Anyosisye, yuko wapi. Mzee alikuwa na mguu mmoja mzito na fimbo. Peni ikianza kuandika mguu, mguu, fimbo, Vaileth anaahirisha safari ya kisimani, anakunywa chai. Madoa yakaisha. Majirani wakasema ana dawa.

Siku moja watu wote walikuwa wamekwenda msibani Masoko. Mumewe, Lukasi, alikuwa Mbeya anauza mitumba, maana kiwanda cha chai kilipopata mwekezaji yeye alipata barua. Peni ikaandika mguu, mguu, fimbo, ikaruka mpaka ukingoni mwa karatasi, ikatulia. Chai ikapoa. Halafu ikaanza kutetemeka kidogo kidogo, kama mtu anayetaka kuinuka na ardhi inamkatalia.

Vaileth alitoka kuita mtu. Hakukuwa na mtu, ila wingu zito la mvua. Akachukua toroli.

Alikwenda kinyumenyume, kanga kichwani, akilivuta. Mzee, na mguu wake uliovunjika, alipomsikia alianza kujiburuta kuingia migombani.

“Mgomba,” alisema, “mwambie mkwe asisogee. Mimi mzima.”

“Mgomba, mwambie baba mashine inasema si mzima.”

Mzee akaacha kujiburuta.

“Muulize, hiyo mashine inaniona?”

“Mwambie haimwoni. Inajua tu anavyokanyaga.”

“Basi mwambie nilikuwa sijalewa.”

Vaileth alirusha kanga nyuma bila kugeuka. Mzee akajifunika gubigubi, akajipandisha kwenye toroli kwa kulaani, akampa mgongo. Hapo ndipo Vaileth alipogeuka, akasukuma kuelekea zahanati.

Njiani walikutana na watu wa msibani wanarudi. Wakasogea pembeni, wakavua kofia. Mama mmoja akaanza kulia. Marehemu akamwambia kutoka ndani ya kanga kwamba aende akapike.

Mguu uliungwa. Mzee akamtuma Lukasi na maagizo: uzi urefushwe mpaka njia ya kilabuni, kwa usalama. Lakini adabu ni adabu. Peni ikianza kuandika fimbo yake, mkwe ageuke, asubiri ipite.

Vaileth alikubali. Siku hizi anageukia ukutani na kikombe chake, anaisikiliza peni inavyokwaruza, na hanywi mpaka mzee afike aendako.