Anayepokea Ndiye Anayesaini

Sare saba za shule zilisubiri vifungo, na mshonaji alikuwa amemaliza nne tu ilipofika saa mbili na nusu. Akaukata uzi kwa meno, akaifunika cherehani yake na kumgeukia mteja aliyesimama barazani.

"Tatu zilizobaki njoo jioni, shoga. Leo naitwa kwa wakili. Wosia wa baba unasomwa."

"Nenda, nenda! Nguo haziozi. Kachukue haki yako."

Haki yenyewe ilikuwa ni nyumba hiyohiyo aliyokuwa akiifunga. Vyumba vitatu, bati lenye viraka viwili, chumba cha mbele chenye cherehani dirishani, na chumba cha nyuma ambamo baba yake alilala miaka tisa tangu apooze upande wa kushoto. Miaka tisa binti alimgeuza, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, na katikati ya uji na dawa akashonea watoto wa nusu ya mtaa. Wachumba walikuja wawili. Walimwona mzee kitandani, wakaaga kwa heshima zote, wasionekane tena.

Na mzee mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa na vituko vyake. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kwa miaka thelathini na moja, na hata alipostaafu stoo haikumtoka. Jikoni alitundika daftari kwa kamba, lenye safu tatu: kilichotoka, aliyetoa, aliyepokea. Ukitaka nyundo, saini. Ukitaka tochi ya kwendea chooni, saini. Ukimcheka, anakuuliza kama umewahi kusikia stoo yake imepoteza hata nati moja.

Ndiyo maana binti alipomsihi wamwite wakili waandike wosia, mzee aling'aka. "Wakili ataniandikia nini mimi? Nani kapewa nini, hiyo ndiyo kazi iliyokulea wewe!" Akaomba karatasi na ubao wa kuandikia, akaandika mwenyewe kwa mkono wake mzima, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la viatu. Karani aliwaweka kwenye benchi kwa muda wa saa mbili nzima, huku akinywa chai na kumsimulia mtu kwenye simu harusi ya jana. Kaka wa mshonaji alikaa upande wa pili wa benchi, suruali imepigwa pasi vizuri. Katika miaka tisa alikuwa amekuja mara tatu, na ya tatu ilikuwa mazishini.

Hatimaye wakaitwa. Wakili akasoma kwa sauti: "Nyumba yangu namwachia binti yangu, aliyenitunza. Vifaa vyangu na kila kitu kingine kitakachosalia namwachia mwanangu wa kiume."

Mshonaji akafuta macho kwa ncha ya kanga. Hakuwa akilia kwa ajili ya nyumba. Ni lile neno, aliyenitunza. Mzee hakuwahi kulitamka mdomoni mwake hata siku moja.

Wakili alikuwa bado anaitazama karatasi. "Mashahidi ni wawili. Huyu wa kwanza?"

"Jirani yetu, kinyozi."

"Na huyu wa pili?"

"Mimi."

Wakili akaiweka karatasi mezani taratibu. "Nani alikwambia usaini, dada?"

"Baba. Kinyozi alitaka kumwita mkewe, baba akakataa. Akasema stoo haiendeshwi hivyo, anayepokea ndiye anayesaini."

Chini dukani mtu alikuwa akibishania saizi ya viatu.

"Sheria inasema shahidi wa wosia hapati kitu katika wosia huo," wakili alisema. "Wosia wenyewe ni halali. Ulichoachiwa wewe ndicho kilichoanguka, na kikianguka kinaingia kwenye kilichosalia."

"Kilichosalia si ni cha kaka?"

"Ndiyo."

"Lakini baba kaandika! Si umesoma mwenyewe sasa hivi?"

"Nimesoma, na alichotaka nakiona wazi kama wewe. Angenionyesha karatasi hii kwa dakika tano tu, ningemwambia amwache mke wa kinyozi asaini. Mtu yeyote, ila si wewe." Akashusha sauti. "Unaweza kwenda mahakamani. Kesi za namna hii huchukua miaka, na siwezi kukuahidi kitu. La sivyo, labda kaka yako aamue mwenyewe kukuachia."

Wote wawili wakamgeukia kaka. Kaka akakiangalia kiatu chake.

"Mimi sikuomba," alisema. "Ila nina watoto wanne, mdogo wangu. Na sheria ni sheria."

Mshonaji alitaka kumuuliza sheria hiyo ilikuwa wapi siku mzee alipokuwa na vidonda vya mgongo. Badala yake akajifunga kanga upya, akainuka. Roho ilimuuma kweli, ikamuuma zaidi kwamba hata kumkasirikia baba yake alishindwa.

Jioni kaka akapita nyumbani, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Nipe ufunguo wa akiba. Dalali anakuja kesho asubuhi kuiona nyumba. Wewe usiwe na haraka, kaa hata mwezi."

Mshonaji akaacha sindano, akaenda jikoni, akarudi na ufunguo pamoja na daftari, kamba yake ikiburuta sakafuni. Akafungua ukurasa mpya na kuandika: Nyumba moja. Vyumba vitatu. Bati lina viraka viwili, nimeziba mwenyewe. Kitanda kimoja cha mgonjwa.

"Saini."

"Aa, acha utoto."

"Kitu hakitoki humu bila saini, kaka. Unamjua baba."

Kaka akasaini harakaharaka, akachukua ufunguo, kisha jicho likamrudi kwenye ukurasa. "Mbona kwenye aliyetoa hujaandika jina?"

"Niandike la nani? Baba hakukupa, na mimi sijakupa."

Kaka akabaki ameshika kalamu. Mshonaji alikwisha kurudi kwenye kiti chake, akatunga uzi upya, maana mteja alikuwa akibisha hodi na sare tatu zilikuwa bado hazina vifungo.