Majani Mawili Yaliyokumbatiana

Ditte alikuwa ameshachambua nusu ya majani yaliyobaki kapuni pale vidole vyake vilipogusa kitu kigumu. Alikuwa amesimama kwenye sinki la jiko la Mama Onorina, vyombo vya wageni vimerundikana pembeni yake, na kutoka sebuleni zilimfikia kelele za watu walioshiba. Akatazama chini. Mkononi alikuwa na majani mawili ya kijani yaliyong'aa, yamekumbatiana tangu chini, hayana vikonyo.

Saumu mwitu, kitunguu saumu cha porini kinacholiwa majani, huota jani moja moja, kila jani na kikonyo chake chembamba. Haya mawili hayakuwa saumu.

Aliyanusa. Yalinuka saumu. Lakini tangu asubuhi kila kitu mle jikoni kilinuka saumu: kisu, aproni, nywele zake. Akaisugua mikono kwa limau na chumvi mpaka ikawasha, akachana jani moja katikati, akanusa tena. Halikunuka kitu. Lilinuka unyasi tu.

Aliujua mmea ule. Watu wa milima ile ya Karnia waliuita kolkiko, na Mama Onorina alikuwa amemwonyesha mara tatu. Majani yake hutoka majira ya kuchipua, bega kwa bega na saumu mwitu, na mwenye haraka hayatofautishi. Sumu yake haiishi kwa kuchemshwa. Anayeila hukaa saa kadhaa mzima kabisa, akicheka na wenzake, ndipo tumbo linapoanza. Na baada ya tumbo, figo na moyo.

Ditte alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba. Kwao Aarhus, Denmark, aliacha kazi ya bima akitaka kuwa mpishi, na kwa miaka miwili alikuwa akizunguka Italia mkoa kwa mkoa, akiomba kuosha sufuria ili afundishwe. Huko Pulia alijifunza kuviringa tambi kwa kidole gumba. Kule Emilia alijifunza kusubiri. Huku juu Karnia, mpakani mwa kaskazini, alikuja kwa ajili ya charsons, vifuko vya unga vinavyojazwa viazi, zabibu kavu na majani ya mwitu, kisha kumwagiwa siagi ya moto na jibini lililokaushwa kwa moshi. Kila nyumba ina yake, na watu walimwambia vya Mama Onorina havina mpinzani.

Mama Onorina, mjane wa miaka sabini na mmoja aliyewapikia wageni nyumbani kwake kwa malipo, hakuwahi kumruhusu mtu mwingine achume majani. Lakini juma lile goti lake lilivimba, na Jumamosi familia nzima ya Ermes, seremala mstaafu wa kijiji, ilikuwa inakuja kusherehekea miaka yake themanini. Ditte akambembeleza.

"Haya, nenda," Mama Onorina akasema mwishowe. "Ila sikiliza, wee mtoto. Jani moja, mkono mmoja. Ukianza kukata mafungu kama unakatia ng'ombe, utatuua wote."

Alianza vizuri. Kisha mvua ikashuka, kapu lilikuwa nusu, na saa nne ilikuwa imeshapita. Akatoa kisu, akakata mafungu.

Sasa alisimama na yale majani mawili huku akihesabu watu. Wageni tisa. Mmoja, Loris, hali saumu kabisa, alikula soseji. Wanane, basi. Na Mama Onorina, aliyeonja vitatu. Na yeye mwenyewe, aliyekula sita akiwa amesimama, kwa sababu vilikuwa vitamu kuliko chochote alichowahi kupika.

Pengine ni haya mawili tu, akajiambia. Pengine hakuna hata moja lililoingia sufuriani. Nikisema, nimeangamia. Nisiposema na pasitokee kitu, nani atajua?

Kabla hajamaliza kuwaza, mkono ulishafungua mlango wa jiko la kuni ukayatupa ndani. Majani yakajikunja, yakatoa moshi, yakaisha. Ditte akabaki anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mlango ukasukumwa. Aliyeingia ni Nives, mjukuu wa Ermes, mke wa Loris, tumbo lake la miezi saba likimtangulia.

"Dada, nimekuja kukupa mkono!" akasema akicheka. "Babu amekula sahani mbili. Anasema afadhali angekuoa wewe miaka hamsini iliyopita. Na huyu humu ndani ndio kabisa, tangu nimalize kula anarusha mateke. Mshike, mshike uone."

Akauchukua mkono wa Ditte uliokuwa bado na limau, akauweka tumboni. Kitu kikagonga kiganja chake.

Ditte akauvuta mkono haraka. Akampita Nives, akatoka mbio hadi kwenye stoo ya nyuma alikokuwa Mama Onorina akimimina grapa, pombe kali ya zabibu, akamwambia yote kwa pumzi moja, Kiitaliano chake kikivunjikavunjika.

Mama Onorina aliiweka chupa chini taratibu.

"Una hakika?"

"Ya hayo mawili, ndiyo."

"Yako wapi?"

"Nimeyachoma."

Mama Onorina hakumpiga. Ditte alitamani ampige.

"Futa uso," akasema. "Utaingia pale ukawaambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi nitasimama nyuma yako, maana jiko ni langu. Twende."

Alipowaambia, kwanza walicheka. Walidhani ni utani wa Kidenishi. Kisha wakamwona Mama Onorina alivyokuwa mweupe, na kicheko kikakatika kimoja kimoja mezani. Loris akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umempa nini mke wangu?"

"Loris, kaa chini," Ermes akasema.

"Nikae vipi, babu? Huyu mtu amekulisha sumu na wewe unaniambia nikae!"

"Basi usikae, piga simu. Mdomo wako hauna dawa."

Kwenye simu, wataalamu wa sumu waliuliza maswali mafupi mafupi, kisha wakaagiza: wote waliokula wateremke hospitali ya bondeni mara moja wanywe mkaa wa dawa unaonyonya sumu, hata kama hawajisikii vibaya. Mabaki ya chakula yaletwe. Na kama jani limepotea, mtu akatazame pale lilipochumwa, wajue ni mmea gani na umekatwa kiasi gani.

Magari mawili yakateremka na wale wengine waliokula. Aliyejua mahali ni Ditte peke yake, na asiyekula ni Loris peke yake. Hivyo wakajikuta wawili ndani ya gari moja, bakuli la mabaki likiwa mapajani mwa Ditte, wakipanda badala ya kuteremka.

Walipovuka daraja la pili, Loris akafungua mdomo.

"Akifa," akasema, "sijui nitakufanya nini. Nakwambia kweli. Sijui."

"Najua," Ditte akasema.

"Hujui kitu wewe. Mnakuja huku na madaftari yenu, mnaandika mapishi ya mama zetu, mnaondoka. Sisi tunabaki."

Tumbo la Ditte lilinguruma, na kila mngurumo ulimtoa jasho. Je, ndiyo imeanza? Au ni woga tu?

Msituni mvua ilikuwa imeacha, maji yakidondoka matawini. Aliona alama za buti zake mwenyewe kwenye tope, zikimwongoza hadi kwenye kile kiwanja cha majani karibu na kijito. Wakapiga magoti, wakapekua kwa mikono. Saumu, saumu, saumu. Kisha mkono wa Loris ukasimama.

"Hapa."

Kilikuwa kishina kimoja kinene, kimekatwa kwa kisu usawa wa ardhi. Ditte akahesabu vipande vya majani vilivyobaki kwenye kishina, akarudia kuhesabu, akiomba idadi ibadilike. Majani matano yalikuwa yamekatwa. Mawili yaliteketea jikoni.

"Matatu," akasema kwa sauti isiyotoka vizuri. "Matatu yameliwa."

Loris akauchimba mmea kwa vidole, mzizi na udongo wake, akaufunga kwenye koti. Walirudi garini wakikimbia.

Hospitalini daktari aliutazama mmea mara moja tu, akaitika kwa kichwa, kisha akamgeukia Ditte.

"Kwa nini uliyachoma yale mengine?"

"Niliogopa."

"Bado unaogopa?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Kunywa hii."

Mkaa ule ulikuwa mweusi, mzito kama tope. Waliwalaza katika vyumba vitatu, na kazi ikawa kusubiri. Majani matatu, yamekatwakatwa, yamegawanywa kwa watu kumi: hakuna aliyejua nani amepata nini. Mtu akikohoa, wote waligeuka. Nives alilala chali, mikono juu ya tumbo, midomo ikienda kwa sala. Mama Onorina alikaa kitandani wima na viatu vyake miguuni, kama anayesubiri basi.

Wa kwanza kutapika alikuwa Ermes, saa mbili usiku. Nusu saa baadaye Ditte naye, kisha mpwa wa Ermes. Ditte alitapika mpaka akaona rangi zisizokuwepo, na katikati ya hayo yote alisikia magurudumu ya kitanda cha mzee yakikimbizwa koridoni, na sauti ya Loris ikiita, "Babu! Babu!"

Nives hakutapika. Asubuhi walimpima mara mbili, na moyo wa mtoto ulikuwa unapiga kama kawaida. Ditte alipoambiwa, alijifunika shuka usoni.

Yeye na yule mpwa waliruhusiwa siku ya tatu. Ermes alikaa siku kumi na moja, nne kati ya hizo akiwa ameunganishwa na mashine, na kila asubuhi Ditte aliamka akidhani ndiyo siku atakayoambiwa amekufa. Maafisa wa afya walimzuia Mama Onorina kupikia wageni kwa wiki tatu. Kijijini watu walipomwona Ditte walihamia upande wa pili wa barabara. Mama yake alimpigia kutoka Aarhus akamwambia arudi nyumbani, na begi lilikuwa limeshafungwa.

"Unaondoka bila kumwona mzee?" Mama Onorina akamuuliza. Ndilo neno la kwanza aliloambiwa naye kwa siku nyingi. "Hiyo sitakusamehe."

Basi akaenda. Alisimama mlangoni kwa Ermes. Aligonga. Mzee alifungua mwenyewe, akiwa na fimbo. Sharubu zake nyeupe zilikuwa zimepukutika zote kwa ile sumu, na uso wake ulionekana wa mtoto aliyezeeka.

"Aa, Mdenishi," akasema. "Umekuja kumalizia kazi?"

Ditte akaangua kilio pale pale kizingitini.

"Ingia, unanitia baridi. Nives ameniachia mchuzi kama wa hospitali, hauna hata chumvi. Unajua kukaanga yai?"

"Sitaki kukupikia, mzee. Naogopa."

"Mimi pia naogopa. Tangu nirudi kila kijiko nakitazama kwanza. Mayai yako kwenye droo ile."

Alikaanga mayai mawili kwa siagi. Ganda likaangukia kikaangoni, akalitoa kwa uma, akatazama tena kama limebaki lingine, akatazama tena. Akaweka sahani mezani. Ermes aliitazama, kisha akaisukuma upande wa Ditte.

"Kula wewe kwanza," akasema.

Hakuwa anatania. Ditte akakaa, akakata kipande, akakitafuna, akameza. Saa ya ukutani iligonga. Mzee alimkazia macho, mikono yote miwili juu ya fimbo, na wakakaa hivyo, yai likipoa, mpaka hatimaye Ermes akanyoosha mkono akachukua uma.