Koti Lililopaswa Kuanguka

Koti lilianguka, na nesi mkuu akashusha pumzi. Mkaguzi aliliokota, akalikung'uta, akaingia chumba cha pili. Huko nako alilitundika kwenye kulabu ya ukutani. Kulabu ikalegea, koti likaanguka kwa kishindo cha mchanga ulioshonewa mifukoni. Ndivyo alivyozikagua nyumba za kuwapokea watu waliozidiwa na maisha hadi wakatamani kujitoa uhai. Katika nyumba hizo, kulabu njema ni ile inayoshindwa kazi yake.

Lilikuwa koti la kiume, pana mno kwake, limechakaa viwiko. Wenzake kazini walimtania kwamba ameolewa na koti. Walimtania kwa sauti ya chini, maana mama huyu hakuwa na dogo: akiona kosa moja anafunga mkoba, nanyi mtaomba leseni upya.

Nje, kwenye benchi la barazani, mama mmoja alikuwa amemkumbatia binti yake tangu asubuhi. Hospitali kubwa ilikuwa imejaa. Nesi mkuu hakuwa na ruhusa ya kumlaza mtu kabla ya leseni, ila moyo wa kuwafukuza hakuwa nao pia.

Chumba cha mwisho kilikuwa kizuri kupita vyote. Shuka zilikuwa mpya, na dirisha lilitazama ua. Mkaguzi akatundika koti. Halikuanguka. Akalivuta kwa mikono miwili, likang'ang'ania.

Seremala akaitwa. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Fundi, mbona hii haikufungwa kama zile nyingine?"

"Nilianza na hii, dada." Aliinamisha kichwa. "Nikaona aibu. Maisha yangu yote natundika makabati ya watu, leo nifunge kitu ili kianguke? Nikaongeza skrubu moja ndefu."

"Kwa nini?"

"Kulinda jina tu, dada."

Mkaguzi hakumkaripia. Mdogo wake wa mwisho alipozidiwa, familia ilimpeleka nyumba kama hii, yenye leseni ukutani. Kulabu ya chumba chake ilikuwa imara. Kesho yake walirudishiwa koti hili, bila mwenyewe. Tangu siku hiyo alimchukia mtu aliyeifunga kulabu ile, akimwazia mzembe, mlevi, mla rushwa. Hakuwahi kumwazia mtu mwema anayeipenda kazi yake. Sasa mtu wa namna hiyo alikuwa amesimama mbele yake na vumbi usoni, na chuki ya miaka yote haikuwa na pa kukaa. Ilimuuma kuliko alivyodhani.

Akafunga mkoba kwa mazoea. Nesi mkuu aliuona mkono ule, machozi yakamlenga.

"Dada, ukiondoka sasa utarudi mwezi ujao. Yule binti pale nje hana mwezi."

"Najua."

Mkaguzi akauweka mkoba sakafuni.

"Fundi, bisibisi unayo?"

"Ninayo."

"Basi itoe hiyo aibu yako ukutani. Nasubiri."

Fundi akaitoa skrubu ndefu, akaifunga kulabu upya kama zile nyingine. Mkaguzi akatundika koti. Likaanguka. Kwa mara ya kwanza hakuinama kuliokota. Alitia saini leseni akiwa amesimama, na nesi mkuu akatoka mbio kwenda barazani.

Binti aliingia taratibu, mama yake nyuma yake. Akaliona koti sakafuni. Aliinama akaliokota, akashangaa uzito wake, akalipangusa vumbi kama mtu aliyelelewa vyema. Akatazama ukutani.

"La nani hili? Nilitundike wapi?"

Fundi aligeuza uso. Mkaguzi akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mimi, mdogo wangu."