Beseni la Mwalimu wa Kwaya

Mpiga pasi wa dobi aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akamlaza mwanawe begani, akaandika kwa kidole kimoja: jifunze nadharia ya muziki bure. Kiti cha kinanda katika kwaya aliyoimbia kilikuwa kitupu tangu mpigaji wa zamani ahame, na mwalimu wa kwaya alishatangaza kwamba hakitakaliwa na mtu asiyesoma noti. Mpiga pasi alikitaka kiti kile mpaka akakiota.

Video ya kwanza iliahidi kumfundisha yote kwa wiki moja. Jamaa mwenye meno meupe alipofungua kinywa, simu ikaanza kutokwa na ute. Ulikuwa ute mzito wa manjano, unaonuka kama tambara la jikoni lililosahaulika majini.

"Huyo muongo," alisema mama mkwe, akisukuma beseni mezani. "Fungua mwingine, mwanangu, ute usije ukaingia kwenye sukari."

Wa pili naye akatoa ute. Wa tatu, aliyekuwa akiuza siri za magwiji, alitoa ute wenye nywele ndani yake. Basi mpiga pasi akawa anachagua masomo kama mtu achaguavyo mchele: anafungua, ananusa, anatupa. Mwishowe akapata ukurasa wa mwanamke mmoja asiye na mbwembwe: ubao, chaki, mistari mitano, na mazoezi ya kupiga makofi. Kioo cha simu kikabaki kikavu. Akatulia hapo. Kila jioni alimpigapiga mtoto mgongoni kwa mapigo manne, hadi mtoto akazoea kucheua kwenye pigo la kwanza.

Hapo ndipo alipoitazama upya nakala ya wimbo wao mkuu. Kando ya noti kadhaa palikuwa pamepakwa wino mweupe wa kufutia. Mwalimu ndiye aliyeupaka, akisema nzi wameichafua karatasi. Lakini mpiga pasi anayajua madoa. Alikwangua kwa ukucha, akakuta alama ya kupandisha noti nusu sauti, ile ile aliyofundishwa kwenye ukurasa mkavu. Miaka yote hiyo wimbo ulikuwa ukiimbwa umevunjika kiuno.

Siku ya mazoezi aliinua mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Haya si mavi ya nzi. Ni alama, noti inapanda."

"Binti," alisema mwalimu, "mimi muziki nimeusomea ng'ambo." Ute wa manjano ukamtoka pembeni mwa mdomo, ukateremka kwenye tai. "Alama hizo nilizifuta makusudi, kuwarahisishia." Ute ukafika viatuni.

Waimbaji wa besi walisogeza miguu. Mmoja wao, waliyemwita Ngurumo, alileta beseni kutoka stoo. Ukingoni lilikuwa na utando wa zamani uliokauka.

"Kidevu mbele kidogo, mwalimu," alisema kwa adabu. "Juzi ulilowesha zulia."

Mpiga pasi alimnong'oneza Ngurumo, "Kumbe mnajua?"

"Siku zote, dada."

"Sasa?"

"Sasa nini? Si ndiye mwalimu wetu? Wewe ziba pua, uimbe."

Kiti cha kinanda alipewa mpwa wa mwalimu, aliyesema noti anazisoma hata gizani, huku akijifuta kidevu. Mpiga pasi, kwa kuwa ni mtu wa madoa, alipewa kazi ya kumwaga beseni. Wimbo ukaimbwa, ukavunjika pale pale. Alibeba ule uchafu nyuma ya ukumbi, penye kipara cha ardhi kisichoota hata gugu, akaumwaga.

"Umekipata kiti?" aliuliza mama mkwe mlangoni.

"Nimepata beseni, mama."

Alinawa kwa sabuni ya dobi hadi viwikoni, akanawa tena. Kisha akamchukua mwanawe na kumwimbia wimbo ule polepole, na kila noti ya kupanda ikapanda. Mtoto akacheua kwenye pigo la kwanza.

Jumamosi akarudi kwenye kwaya. Ngurumo alimpokea na beseni kubwa zaidi.