Uji wa Chanjo

Boti ilishawashwa mashine, na maji ya ufuko wa Kiongoroni yalikuwa yanakupwa haraka. Saadi alimbeba binti yake Muzdalifa, wa miaka saba, akamketisha juu ya gunia. Walikuwa wanakwenda Mbuchi, kwenye arobaini ya bibi mzaa mama wa mtoto.

"Huko si kuna kipindupindu?" aliuliza jirani yao Rukaya.

"Kipo. Lakini huyu kanywa chanjo ya mchele. Mama ndiye kamnywesha," Saadi alijibu.

Mwanahalima, mama yake Saadi, alikuwa amesimama ufukoni kuwaaga, akayasikia hayo.

Wataalamu walibadili vinasaba vya mpunga, punje zikabeba chanjo ndani yake, zikasagwa unga. Nesi Semeni aliwaambia wote waliokubali jaribio lile: korogeni kwa maji baridi, moto unaiua. Mwanahalima akaitikia. Kufika nyumbani akautazama ule unga. Mjukuu wake anyweshwe unga mbichi, kama nyumba haina kuni? Akapika uji, akatia tui na sukari. Nesi alipouliza kaukoroga kwa maji gani, akajibu, "Maji ya mtungi, mwanangu."

Sasa aseme mbele ya watu wote hawa? Na Rukaya asiyeficha neno yupo! Saadi akachomeka upondo, mti wa kusukumia boti, topeni. Boti ikasogea.

"Muzdalifa! Kitendawili!" Mwanahalima aliita.

"Tega, bibi!"

"Mgeni nimemkirimu kwa moto, kafia sufuriani."

"Kuku!" Watu wakacheka.

"Siye."

"Basi nakupa mji. Chukua Mbuchi!"

"Mbuchi siitaki!" Mwanahalima akaingia majini hadi magotini, akaung'ang'ania ukingo wa boti. "Mgeni ni chanjo yako. Niliipika uji. Saadi, mtoto hana kinga. Mshushe!"

"Yallah!" Rukaya akashika mdomo. "Na nesi ukamdanganya?"

"Nikamdanganya."

Saadi alimtazama mama yake. Akamnyanyua mtoto, akampa, akageuza uso upande wa mkondo. Boti ikaondoka.

Muzdalifa akalia mpaka kwikwi zikamshika. Kisha akasema, "Lakini ule uji ulikuwa mtamu, bibi."

"Mtamu, ndiyo. Twende kwa nesi."

"Atakugombeza."

"Anigombeze," Mwanahalima akasema, kanga yake ikichuruzika maji njia nzima. "Wewe nishike mkono tu, nisije nikageuza njia."